Jua Ndilo Linaloiamsha Dawa

Wiki iliyopita mliniacha kwenye korido ya kituo cha televisheni, nimesimama sijui nielekee wapi. Niwakumbushe kwa ufupi halafu niendelee, maana sehemu ya leo ndiyo ambayo sikutaka kuiandika.

Nilikwenda kujaribiwa usomaji wa habari. Miaka tisa nafundisha watu kuendesha gari, na miaka yote tisa jua limeingia kwa dirisha moja, lile la upande wangu, likanipiga shavu moja. Shavu la kushoto limejaa madoa na mikunjo. La kulia bado la msichana. Wanafunzi wangu wananiita Pande Mbili na wanadhani sijui.

Bwana wa kituo alinitazama kwenye kamera yake, akasema, "Sauti unayo, dada. Tatizo ni uso. Watu watadhani televisheni zao zimeharibika."

Kisha akachungulia nyuma yangu, akamwona mdogo wangu niliyekwenda naye ili anishikie mkoba. "Na wewe je? Hebu kaa hapa kidogo."

Akakaa. Akasoma mistari mitano. Akaambiwa arudi baada ya siku kumi na moja, Ijumaa, kwa jaribio la mwisho. Mkoba nikaubeba mwenyewe mpaka nyumbani.

Haya, tuendelee.

Mdogo wangu ana miaka ishirini na mitatu na uso ambao haujawahi kwenda kazini. Jioni ile alimsimulia mama mara tatu. Mama yetu ni mshonaji, cherehani yake imekaa barazani tangu sijazaliwa na jua la pale limemwachia madoa usoni, na alikuwa anapindisha ukosi wa shati huku anasikiliza.

"Mama, yule bwana kasema uso wangu unapokea taa vizuri."

"Na dada yako?"

"Dada? Dada sauti anayo."

Wakacheka. Mama alicheka kwa furaha tu, hata mimi nalijua hilo. Lakini kicheko kikishaingia sikioni hakiulizi kilitoka kwa nia gani. Niliinuka nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Sasa niwaambie kitu kimoja kuhusu tyubu moja ya dawa. Siku chache kabla ya kituo, nilikuwa nimekwenda kwa daktari wa ngozi kwa ajili ya hili shavu. Daktari ni mama mfupi, mkali, anazungumza kama anagombana na mtu aliyesimama nyuma yako. Alinipa krimu ya retinoidi pamoja na masharti yake.

"Hii ni ya usiku tu," alisema. "Uso unaosha, unaukausha kabisa, halafu unapaka kiasi cha punje ya njegere. Punje ngapi?"

"Moja."

"Moja, uso mzima! Wiki mbili za mwanzo, mara mbili kwa wiki, basi. Ngozi itakauka kidogo, uipe nafasi izoee. Machoni usisogeze. Una mimba?"

"Sina mume, daktari."

"Nimekuuliza habari za mume?"

"Sina mimba."

"Ukipata au ukitaka kupata, unaacha na unakuja hapa. Na asubuhi ni sanskrini, krimu ya kukinga jua. Unajaza vidole viwili kwa urefu, uso, shingo na masikio. Jua liwepo lisiwepo. Ndani ya gari, nje ya gari, kile kioo cha pembeni hakikukingi, si unaona lilivyokufanya? Ukikaa nje, unarudia kila baada ya saa mbili. Kama unaona uvivu kupaka sanskrini kila siku, nirudishie tyubu yangu sasa hivi, maana ngozi yenye dawa hii haivumilii jua, utaungua."

Nilikariri yote. Kukariri na kukaririsha ndiyo kazi yangu: kioo, taa, breki, kioo tena. Kwa hiyo msije mkanitetea kwamba sikujua. Nilijua kila neno.

Asubuhi iliyofuata baada ya ile korido niliingia bafuni nikakuta tyubu imebonyezwa katikati. Mimi hubonyeza kutoka chini. Mdogo wangu alikuwa mbele ya kioo, kidole kina krimu.

"Dada," akasema, "nikipaka kidogo kuna ubaya?"

Hapo ndipo. Kama kuna dakika moja ya maisha yangu ningeiomba nirudishiwe, ni hiyo, na ningeijibu ilivyostahili. Lakini nilimwangalia mle kiooni, uso wake laini upande wa kulia, laini upande wa kushoto, na hasira ikanishika.

"Hakuna ubaya," nikasema. "Ila utaipaka vibaya."

"Kwani inapakwaje?"

"Asubuhi. Nene, uone weupe. Halafu unakaa juani nusu saa, uso wazi, bila kitu kingine. Jua ndilo linaloiamsha dawa."

"Jua? Si wanasema linaharibu ngozi?"

"Linaharibu ngozi isiyo na dawa. Aliyekwenda kwa daktari ni mimi au wewe?"

"Ni wewe."

"Basi. Kila asubuhi, usiruke. Ikichoma, ikichubuka, ujue inafanya kazi, inatoa ngozi ya zamani. Ukiacha katikati unabaki na uso nusunusu, kama wangu."

Hilo la mwisho nililiongeza bila kuombwa. Nikaligusa na shavu langu kidogo, nikainamisha macho. Kumbe na kuigiza naweza, ila hakuna aliyenipa jaribio.

Akanikumbatia. "Asante, dada. Nilidhani umenikasirikia."

"Nikukasirikie kwa lipi?"

Nikaichana nusu karatasi ya masharti iliyokuwa ndani ya boksi la dawa, nikaichukua chupa ya sanskrini pale rafuni, nikaitia mkobani, nikaenda kazini naimba.

Kuanzia siku ile nilikuwa nikirudi jioni namkagua kama gari la mtihani. Paji. Pua. Mashavu. Kidevu. Siku ya kwanza, hakuna kitu. Ya pili, hakuna. Ya tatu nikamsogeza chini ya taa nikajifanya namtoa uchafu kwenye nyusi. Uso uleule, unang'aa.

"Unapaka?"

"Napaka, dada."

"Nene?"

"Nene mpaka najiogopa."

"Na juani?"

"Nusu saa kwa saa ya simu."

Nikaenda kuitazama tyubu. Imepungua kweli. Nikajiuliza huyu kaumbwa na nini, mbona haungui? Jamani, nilikasirika! Unamwekea mtu sumu mezani, anakula, anafuta mdomo, anakuuliza kama ipo nyingine.

Siku ya sita tyubu ikaisha. Nikachukua cheti changu cha daktari nikaenda duka la dawa, nikanunua nyingine, nikaiweka palepale. Mwenyewe nilikuwa nimeshaacha kuipaka ili yeye asipungukiwe. Mseme mtakavyo, lakini katika roho mbaya sikuwa mchoyo.

Siku ya saba mama hakutoka chumbani kula.

"Mama, vipi?" niliuliza kupitia mlangoni.

"Kichwa tu, mwanangu. Zima hiyo taa ya ukumbini, inanichoma macho."

"Umekunywa dawa?"

"Nitakunywa."

Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Ningeusukuma kwa kidole kimoja ungefunguka. Sikuusukuma, maana nilikuwa na haraka ya kwenda kumkagua mdogo wangu jikoni.

"Mama ana nini?" nikamuuliza.

"Kichwa," akajibu upesi, akageukia sinki.

Siku ya nane hivyohivyo. Mama ndani, mtandio umefunika uso, kasema usingizi unamjia. Nikasema apumzike. Ndugu msomaji, mimi huyu naweza kusikia gia ikilia vibaya umbali wa mtaa mzima, lakini sauti ya mama yangu iliyokuwa inatoka mdomo usiofunguka vizuri, hiyo sikuisikia.

Ikafika Jumatano, siku ya tisa. Zimebaki siku mbili kwa jaribio.

Mwanafunzi wangu wa kwanza asubuhi ile alikuwa mfamasia, mtu wa makamo, mwoga, anashika usukani kama anaunyonga. Mwalimu wa udereva ana kioo chake kidogo cha pili cha kutazama nyuma. Changu nilikuwa nimekigeuza. Nilikuwa najitazama shavu.

"Mwalimu, nikate kona?"

"Kata."

"Sasa?"

"Nimesema kata!"

Akakata. Nguzo ya geti la chuo chetu cha udereva ikaingia mlangoni mwangu. Taa ya mbele ikaanguka chini na kioo cha pembeni kikaning'inia kwa waya. Mfamasia akaachia usukani akaanza kulia.

Mkuu wa chuo akatoka na kikombe chake mkononi. Akalizunguka gari. Akachungulia ndani, akaona kioo changu kidogo kilivyoelekea.

"Kinakuonyesha nini hicho?" akauliza, mbele ya wanafunzi wote.

Nikakigeuza kioo kielekee nyuma.

"Kinamwonyesha upande wa pili," mmoja akasema nyuma. Wakaangua kicheko, hata mfamasia akacheka na machozi yake.

"Nenda nyumbani," Mkuu akasema. "Gari hulishiki tena mpaka nikuite."

Nikafika nyumbani saa nne asubuhi, jua limeshawaka. Nikasukuma geti.

Kiti cha mama kilikuwa kimevutwa kutoka barazani hadi katikati ya ua, nje kabisa ya kivuli. Mama amekaa, mikono magotini, uso ameuinua juu, macho amefumba. Uso wote mweupe kwa krimu. Chini ya ule weupe palikuwa pekundu, panatoa maji. Ngozi imeachia kwenye taya, inaning'inia. Kope zimevimba mpaka hazina mkunjo. Tyubu iko mapajani.

"Nani?" akauliza bila kufumbua macho.

"Mimi, mama."

"Umerudi mapema. Usinisogeze, bado dakika kumi."

Nilichuchumaa palepale.

"Mama, nani kakwambia ufanye hivi?"

"Nani tena zaidi yako?" Akatabasamu. Mdomo ukapasuka, akafuta damu kwa kidole. "Mdogo wako kaniletea salamu zako. Kasema, dada kaleta dawa kwa ajili ya madoa yako ya barazani, ila anaona haya kukupa mwenyewe. Asubuhi, nene, nusu saa juani. Inachoma, mwanangu, sikufichi. Siku mbili hizi sioni hata tundu la sindano. Lakini kasema umesema ikichubuka ndiyo inafanya kazi. Sijaruka hata siku moja."

"Mama..."

"Nilifurahi, ujue. Nilidhani mna mambo yenu makubwa siku hizi, hamnikumbuki."

Nilimbeba. Mama yangu si mwepesi na mimi sina mgongo wa kubeba, lakini nilimbeba mpaka bombani, nikamwoshea uso kwa maji baridi, na kila nilipogusa alivuta pumzi kwa meno. Hakulia. Aliniuliza tu kama dakika zimetimia.

Mdogo wangu akatokea mlangoni. Kavaa kofia pana, na uso wake hauna hata chunusi. Kwenye masikio niliona mabaki meupe ya sanskrini. Alikuwa amejinunulia yake.

"Dada," akasema, "leo kazi imeisha mapema?"

Sikumpiga. Nilimwambia alete mtandio na aite teksi.

Yule daktari mfupi alimtazama mama dakika nzima. Alimuuliza alichopaka, kiasi gani, wakati gani, na mama akajibu yote kwa adabu, kama mwanafunzi aliyefanya kazi yake ya nyumbani. Hakuna krimu tena, daktari akasema, hakuna sabuni. Kitambaa cha maji baridi, mafuta mazito yasiyo na manukato, dawa ya uvimbe, na kukaa ndani pazia limeshushwa. Wiki kadhaa. Weusi utakaobaki unaweza kuzidi ule wa mwanzo. Jicho la kushoto lazima aende kwa daktari wa macho leo hii.

Kisha akageuza kiti kutuelekea sisi.

"Nani alimwambia huyu mama apake asubuhi?"

"Dada," mdogo wangu akasema.

"Mimi?" Nikaruka. "Mimi nilikwambia wewe! Mama sikumwambia!"

Nikalisikia lilivyotoka. Wote wakalisikia. Daktari aliweka kalamu chini polepole.

"Masharti nilikupa wewe mwenyewe," akaniambia. "Ulinihesabia mpaka punje."

"Ndiyo, daktari."

"Kwa hiyo ulimwambia mdogo wako aungue."

Mama alikuwa ameketi kwenye kitanda cha wagonjwa, vitambaa viwili machoni. Hakuvitoa. Ila mkono uliokuwa umenishika ukaniachia.

"Nilijua!" mdogo wangu akapaza sauti, machozi yanamtoka. "Niliona alivyoniangalia kwenye kioo, nikajua ana jambo! Karatasi iliyokuwa ndani ya boksi aliichana nusu, kwa nini aichane?"

"Ulijua," mama akasema.

Mdogo wangu akafuta machozi kwa kiganja.

"Ulijua ana jambo," mama akarudia, "halafu ukaniletea mimi."

"Sikuwa na uhakika, mama. Kama ni dawa nzuri kweli ningeikosa, na Ijumaa nina jaribio. Nikasema..." Akameza mate. "Nikasema ngoja nione kwako kwanza. Wewe huendi popote."

Nimesikia matusi mengi barabarani. Sijawahi kusikia neno kama hilo, na lilisemwa kwa sauti nzuri sana, kila herufi mahali pake.

"Na ulipoona ninaungua?" mama akauliza.

"Ulisema inachoma kidogo tu!"

"Nilisema hivyo ili dada yako asije akajisikia vibaya."

Daktari alisimama akaenda dirishani. Sijui alikuwa anatafuta nini huko nje. Mama akavitoa vile vitambaa, kimoja kimoja, akavikunja vizuri kama anavyokunja nguo ya mteja.

"Daktari, una kioo?"

"Leo usijitazame, mama."

"Nina miaka sitini na moja. Nipe kioo."

Hapakuwa na kioo. Mama akanyoosha mkono kwa mdogo wangu. "Nipe simu yako. Ile ya kujipigia picha, iwashe."

Akampa. Mama akaisogeza karibu na lile jicho lililokuwa linafunguka. Akajitazama. Akageuza uso kulia, akageuza kushoto. Akapandisha kidole hadi kwenye taya, akakigusa kipande cha ngozi kinachoning'inia, hakukivuta. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, nimeshika upindo wa gauni lake, nasema nisamehe, nisamehe, na yeye hata hakuangalia chini.

Simu ikaita mkononi mwake.

Mdogo wangu akaliona jina kabla yetu. "Ni kituo! Mama, nipe, ni kituo cha televisheni!"

Akanyoosha mkono. Mama akauzungusha wake nyuma, akabonyeza, na sauti ikatoka kubwa, chumba kizima.

"Halo! Nazungumza na yule binti wa jaribio la Ijumaa?"

"Mimi ni mama yake."

"Oh, shikamoo, mama!"

"Marahaba, baba."

"Afadhali nimekupata wewe. Jaribio tumelifuta, mama, wakubwa wameshampenda, kiti ni chake. Mimi namalizia fomu yake tu. Huyu ni mtu atakayeingia nyumbani kwa watu kila jioni, kwa hiyo tunauliza kwanza kwao. Nyumbani mnamwonaje? Ni binti wa namna gani?"

Mdogo wangu akaanguka chini kando yangu, akashika upindo wa pili wa gauni. "Mama, nakuomba," alikuwa anasema bila sauti, midomo tu inacheza. "Mama, mama, nakuomba."

Na mimi, nikiwa nimepiga magoti palepale, machozi yangu hayajakauka, mama yangu kaungua uso kwa mdomo wangu, nilikuwa naomba kitu kimoja tu. Nilikuwa naomba aseme. Aseme yote, kiti kile kiondoke, na mwenye uso mzuri arudi nyumbani kama nilivyorudi mimi.

"Mama? Unanisikia?"

"Nakusikia, baba," mama akasema, na lile jicho moja likateremka polepole hadi kwetu, likampita mdogo wangu, likasimama kwangu. "Una kalamu? Andika basi. Hawa ninao wawili, na nitaanza na mkubwa."